Mota Haijafa: Pima Kapasita Kwanza

Wale mliozoea kunisoma nikilalamika kuhusu programu na hifadhidata, leo nivumilieni kidogo. Nataka tuzungumze juu ya kikopo kidogo chenye nyaya mbili ambacho, kwa maoni yangu, kimewapotezea watu wa kwetu Taita Taveta pesa nyingi kuliko virusi vyote vya kompyuta nilivyowahi kufuta. Kikopo hicho ni kapasita ya mota.

Nianze na feni. Aliyekulia Voi anajua joto la pale, na anaijua ile feni ya dari isiyozunguka mpaka isukumwe kwa mpini wa ufagio. Ukiisukuma kulia inaenda kulia, ukiisukuma kushoto inaenda kushoto, tena kwa uvivu. Kwetu kazi hiyo ya ufagio ilikuwa yangu. Niliamini feni imezeeka tu, kama babu anayehitaji kushikwa mkono ndipo ainuke. Sikujua kwamba ilikuwa inanipa bure jibu la swali ambalo nikiwa mtu mzima ningelilipia maelfu ya shilingi.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyumbani kwa mama kuna tangi la chini ya ardhi na tangi jingine juu ya paa. Maji ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, hushuka kwa mteremko ndani ya bomba zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa, kwa mradi wa miaka ya 1950, na sisi wa Voi tunachota njiani. Kilomita zote hizo maji yanajiendea. Lakini ili yapande mita chache za mwisho, kutoka tangi la chini hadi paa la mama, lazima kuwe na pampu. Na pampu ni mota.

Mwaka jana mama alinipigia simu: pampu inanguruma lakini haivuti. Fundi akaja, akanusa, akasema, "Koili imeungua hii, afadhali mnunue mpya." Nikatuma shilingi 14,000 kwa M-Pesa, pampu mpya ikafungwa, ya zamani ikatupwa stoo. Mwaka huu pampu mpya nayo ikaanza mtindo ule ule. Safari hii mama hakunipigia. Nilipofika nyumbani likizoni ndipo nikamkuta anateka kwa ndoo na kamba kwenye tangi la chini, wiki ya tatu sasa, na mgongo wake ule. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanijibu, "Mwanangu, nilijua utatuma pesa nyingine, na juzi tu umelipa karo."

Jioni hiyo nikaiandalia pampu mtihani kama ninavyofanya programu ikigoma kazini. Sikuanza kwa kuiandika upya, nilianza kwa kutafuta ni kipande gani kinachosema uongo. Nilichomoa plagi, nikafungua kifuniko, nikatoa kapasita, nikaisafisha chaji, nikaipima kwa mita. Kikopo kimeandikwa 20 µF, yaani maikrofaradi 20. Mita ikasoma 9. Asubuhi nikaenda mjini, nikanunua nyingine kwa shilingi 250, nikaifunga. Pampu ikashika mara moja.

Mngetarajia nifurahi. Badala yake nilienda stoo, nikaitoa ile pampu ya zamani, nikafuta vumbi jekundu na buibui, nikapima kapasita yake. 4 µF. Nikaifunga kapasita nzima, nikachomeka. Ikazunguka! Pampu tuliyoizika ilikuwa hai muda wote huo. Nilikuwa nimelipa 14,000 kwa sababu ya kifaa cha 250, na mama amevuta kamba wiki tatu kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tuulizane, kikopo hiki kinafanya nini hasa?

Chukua kamba, funga jiwe dogo mwishoni, uining'inize mkononi. Ukiupeleka mkono kulia na kushoto tu, jiwe litabembea, halitazunguka. Ili lizunguke, mkono wako ni lazima uende pia mbele na nyuma, na huo mwendo wa pili uwe nje ya hatua na ule wa kwanza: mkono unapofika mwisho wa kulia, mwendo wa mbele na nyuma uko katikati. Miendo miwili ya kubembea, ikipishana kwa robo ya mzunguko, inazaa duara. Jaribu, utaona.

Stima inayoingia nyumba nyingi ni ya fezi moja, volti 240, na inabembea mara 50 kwa sekunde. Ni mkono wa kulia na kushoto tu. Koili moja ikipewa stima hiyo inazaa usumaku unaobembea: mota inanguruma na kutetemeka pale pale. Ndiyo maana ukiisukuma feni kwa ufagio inakubali kwenda upande wowote utakaoichagulia. Yenyewe haina upande.

Mafundi wa karne ya 19 ndio waliotegua kitendawili hiki. Galileo Ferraris wa Torino, Italia, alionyesha mwaka 1885 kwamba mikondo miwili inayopishana inazaa usumaku unaozunguka, naye Nikola Tesla akapata hataza zake za mota ya aina hiyo Marekani mwaka 1888. Viwandani jambo hili ni rahisi, kwa sababu stima ya fezi tatu inakuja tayari ikiwa imepishana. Sisi wa fezi moja tunahitaji ujanja. Tunaweka koili ya pili ndani ya mota, na mbele yake tunaweka kapasita. Kapasita inaufanya mkondo wa koili hiyo utangulie ule wa koili kuu, karibu robo ya mzunguko mambo yakiwa sawa. Kumbe kikopo kile ndicho mkono wa mbele na nyuma!

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani kapasita ni ya kuwashia tu, kwamba mota ikishaanza kuzunguka basi kazi imekwisha. Zipo za namna hiyo, nitazitaja. Lakini ile ya feni na ya pampu nyingi za nyumbani inabaki kazini muda wote, na ikidhoofika mota haifi siku hiyo. Inaanza kuwa mbadhirifu. Usumaku unaobembea unaweza kuutazama kama sumaku mbili zinazozunguka kinyume, moja ikisukuma mbele na moja ikivuta nyuma. Kapasita nzima inaififisha ile ya nyuma. Kapasita iliyochoka inaiacha ipate nguvu. Basi mota yako inaendeshwa huku breki imekanyagwa: inazunguka chini ya kasi yake, inachemka, na sehemu ya stima unayolipia inageuka joto badala ya maji. Mama aliniambia tangi lilikuwa likijaa kwa dakika 35 pampu ilipokuwa mpya, na kabla haijagoma ilikuwa inachukua karibu dakika 50. Hakuna aliyeona hilo kuwa dalili. Tuliliona tatizo siku pampu iliponyamaza.

Na kwa nini kapasita inachoka? Ndani yake kuna utando mwembamba wa plastiki uliopakwa chuma na kukunjwa kama mkeka. Utando ukitoboka mahali, chuma cha pembeni kinaungua na tundu linajiziba lenyewe. Huo ni ufundi mzuri, kwani kapasita inajitibu. Lakini kila ikijitibu inapoteza kipande kidogo cha chuma, na maikrofaradi zinapungua. Joto na volti za kupanda zinaharakisha mambo. Sasa fikiria pampu iliyowekwa chini ya bati pale Voi saa nane mchana mwezi wa Februari. Kapasita inayoishi miaka mingi penye baridi ya Wundanyi, Voi itakuwa imezeeka mapema.

Nije kwa shangazi yangu wa upande wa Mwatate, mwenye kinu kidogo cha kusaga mahindi. Mota yake ni ya fezi moja, na ina kapasita mbili: kubwa ya kuwashia, inayotakiwa kufanya kazi kwa sekunde chache kisha ikatwe na swichi iliyo ndani ya mota, na ndogo ya kudumu. Katika mwaka mmoja mota ile imewaindiwa mara mbili, yaani koili zote zimetolewa na kufungwa upya, na kila mara kinu kimefungwa zaidi ya wiki huku wateja wakihamia kwa jirani. Nilipoifungua pamoja na fundi tukakuta mambo mawili. Kwanza, vumbi la unga limejaa kwenye ile swichi hata haiachii, kwa hiyo kapasita ya kuwashia ilikuwa inabaki kazini mpaka inapasuka, na koili yake inaungua nayo. Pili, mtu fulani alikuwa ameweka kapasita ya kudumu kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kibao cha mota, "ili ipate nguvu."

Ndugu zangu, kapasita si mbolea. Ukizidisha maikrofaradi, mkondo wa koili ya pili unapita kiasi, koili inachemka, na ule upishano mzuri unaharibika tena. Kipimo ni kile alichokipiga hesabu aliyeunda mota. Kikiandikwa 40, weka 40.

Sasa niungame dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimnunulia mama zawadi: kisanduku cha kuchomeka ukutani ambacho kinadaiwa kupunguza bili ya stima. Mimi, mtu wa kompyuta! Tokeni za mama ziliendelea kuisha vile vile. Baadaye nikakipasua. Ndani mlikuwa na taa ndogo ya kijani, ubao wa saketi, na kapasita moja.

Je, ulikuwa utapeli mtupu? Hapana, ulikuwa ukweli uliopelekwa nyumba isiyo yake, na ndiyo maana unanasa hata watu waliosoma. Mota inahitaji nishati ya kujenga usumaku wake, nishati ambayo haiili. Inaikopa na kuirudisha mara 100 kwa sekunde. Ni kama jirani anayeazima sufuria kila asubuhi na kuirudisha kila jioni. Hajaila, lakini kama sufuria yenyewe inatoka Mombasa kila siku, barabara itajaa magari ya kubeba sufuria. Kapasita ikiwekwa karibu na mota ni jirani wa mlango wa pili mwenye sufuria hiyo. Mkopo unabaki kijijini, na barabara inapumua.

Kwa mota kubwa hesabu inaonekana. Chukua kinu cha fezi tatu kinachovuta kilowati 16.7. Kama kipengele chake cha nguvu ni 0.8, laini inabeba kVA 20.9, karibu ampea 29 kwa volti 415. Ukiweka kapasita za kama kvar 7 na kufikia 0.95, inabeba kVA 17.6, ampea 24.5 hivi. Kazi ni ile ile, unga ni ule ule, lakini joto linalopotea kwenye nyaya linashuka kwa karibu theluthi moja. Kwa kiwanda kikubwa, tuseme cha mkonge, hii ni pesa taslimu, maana hapa Kenya wateja wa biashara wanaotumia zaidi ya uniti 15,000 kwa mwezi hutozwa pia kwa kilele cha kVA.

Mama hatozwi kVA. Mita yake ya tokeni inahesabu kilowati-saa, yaani nishati iliyoliwa, na sufuria za kuazimwa haizihesabu. Kwa hiyo kisanduku cha ukutani, hata kikiwa kizima, hakina cha kumpunguzia. Na ona kinaya: siku zile kisanduku kikiwaka taa yake ya kijani ukutani, huenda kapasita ya pampu, ambayo ingeweza kumpunguzia uniti kwelikweli, ilikuwa tayari inakufa nje chini ya bati. Tuliinunua kapasita, tukaiweka mahali isipohitajika!

Maoni yangu basi ni haya, na najua mafundi wengine watanuna. Yule fundi aliyeizika pampu yetu si mwizi. Namfahamu, ni mtu wa watu. Kosa lake ni kwamba hakupima, na kosa letu ni kwamba hatujawahi kumlipa kwa kupima. Tunamlipa akibadilisha kitu. Akiwaindi mota tunampa elfu kadhaa. Akitumia nusu saa na mita, kisha akasema "ni kapasita tu, 250," tunamwona hajafanya kazi, tunampa nauli. Kwa malipo ya namna hiyo, hata mimi ningenusa tu na kusema koili imeungua. Katika kazi yangu ni vivyo hivyo: mteja asiyelipia uchunguzi huishia kulipia programu nzima upya. Tuwalipe mafundi kwa kutambua ugonjwa. Shilingi 500 za kupima ni rahisi kuliko 14,000 za kubahatisha.

Nanyi wenye mashine, haya ni machache ya kushika:

Mota ikinguruma bila kuzunguka, izime upesi, usiiache ijikaange. Kisha shuku kapasita, swichi na beringi kabla ya kushuku koili.

Kapasita huweka chaji hata stima ikiwa imezimwa. Chomoa, kisha itoe chaji kwa rezista au balbu ya zamani ya waya, si kwa bisibisi. Kama huna uhakika, mwachie fundi mwenye leseni.

Unaponunua mita, hakikisha inapima maikrofaradi, na inafika angalau 100. Kapasita ya kudumu ikisoma zaidi ya asilimia 10 chini ya kilichoandikwa, ibadilishe.

Fundi anaweza pia kupima mota ikiwa kazini: anapima ampea zinazopita kwenye kapasita na volti zilizo juu yake, anazidisha ampea kwa 3183, anagawanya kwa volti. Jibu ni maikrofaradi, kwa stima yetu ya mizunguko 50. Ampea 1.9 na volti 300 zinakupa 20.

Mwisho, soma kikopo dukani. Angalia volti, 450 kwa pampu nyingi, na joto, bora 85 kuliko 70. Kisha tafuta herufi ya daraja. Kwa viwango vya kimataifa A ni saa 30,000, B ni 10,000, C ni 3,000 na D ni 1,000. Pampu ya saa mbili kwa siku ikipewa D, saa zake zimekwisha kwa siku 500. Ikipewa B ni zaidi ya miaka 13. Tofauti ya bei haifiki ya soda chache. Na kisicho na herufi yoyote, kirudishe rafuni.

Najua kuna watakaosema mambo haya yanapitwa na wakati, kwamba pampu mpya za sola zina mota zinazoendeshwa na saketi, hazina kikopo hicho. Kweli, na zije kwa wingi, jua tunalo. Lakini nyingi kati ya zile zilizopo leo, za feni, visima na vinu, kuanzia Voi hadi Taveta, bado zinategemea kapasita, na zitategemea kwa miaka mingi.

Pampu ile ya stoo nimempa shangazi. Anavutia maji ya mboga zake sasa. Mama anaendelea na ile nyingine, na mlangoni mwa stoo nimebandika karatasi yenye tarehe na namba moja: 20.1. Hicho ndicho kipimo cha kapasita siku nilipoifunga. Nimemwonyesha kijana wa jirani jinsi ya kutumia mita, na kila baada ya miezi sita atapima na kuandika namba chini yake. Zikianza kushuka tutaona mapema, kabla mama hajaishika tena ile kamba.

Feni ya dari pia nimeibadilishia kikopo. Ilikuwa 2.5 µF, imebaki 0.8. Ufagio sasa unafagia tu.